Daftari la Colaba

Usiku wa nne baada ya mama watoto kupasuliwa, katika hospitali moja ya kusini mwa jiji la Mumbai, tulimwomba muuguzi amwache mgonjwa alale. Ilikuwa karibu saa tisa ya usiku. Mvua ya Julai ilikuwa ikipiga madirisha bila kupumzika, na mgonjwa, baada ya siku tatu za maumivu, ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi wa haja. Muuguzi alikuwa binti wa kutoka jimbo la Kerala, umri wake hauzidi wa kitinda mimba wetu. Alikuja na kipimajoto chake na kibao chenye karatasi ya mistari, ambayo juu yake kila baada ya saa mbili huandikwa joto la mwili, mapigo ya moyo na pumzi. Tukamwambia kwa sauti ya chini: “Mwanangu, ruka mara hii moja tu. Hana neno, tumekaa naye hapa.” Akatabasamu kwa adabu, akajibu: “Baba, asubuhi daktari hataniuliza mimi. Ataisoma karatasi.”

Akapima. Joto lilikuwa limepanda. Akaandika, akaenda kumwita daktari wa zamu, na kabla ya adhana ya alfajiri ilikwisha kujulikana kwamba kidonda kimeanza kuingia uchafu, na dawa ikabadilishwa. Sisi tuliokaa kando ya kitanda usiku kucha, tukimtazama usoni kwa mapenzi yetu yote, hatukuona kitu.

Hatukuanza na kisa hiki ili kuwahuzunisha wasomaji. Alhamdulillahi mgonjwa amepona, na ndiye aliyeisoma makala hii kabla yenu na kutusahihisha. Tumekianza kwa sababu karatasi ile ndiyo iliyotufikisha mahali ambapo hatukupata kupasikia katika maisha yetu: nyumba ya vipimo ya Colaba, katika ncha ya kusini ya jiji lile, ambako kwa muda wa karibu miaka mia mbili watu wamekuwa wakiandika hali ya mbingu na ardhi katika madaftari.

Tulikuwa tumepanga chumba jirani na Mtaa wa Muhammad Ali, mahali ambapo mtu wa pwani yetu hajioni mgeni. Kila alfajiri tulisali katika Msikiti wa Jamia, ule uliojengwa juu ya birika kubwa la kale lenye samaki, kisha tukaketi na mzee mmoja, karani mstaafu wa bandari, aliyekuwa na ada ya kulisoma gazeti kuanzia hali ya hewa. Tukaona kwamba kila siku gazeti latoa tarakimu mbili za mvua kwa jiji moja: mvua ya Colaba na mvua ya Santacruz. Tukamwuliza sababu. Akatueleza kwamba Colaba ni kituo cha zamani cha kusini, na Santacruz ni kituo cha kaskazini, karibu na uwanja wa ndege. Kisha akalikunja gazeti na kutusimulia habari ya tarehe 26 Julai 2005.

Siku ile, alisema, yeye alikuwa kusini kazini, na mvua ilikuwa mvua ya kawaida ya msimu. Hakufahamu kwa nini wanawe waliokuwa upande wa kaskazini hawarudi nyumbani, wala kwa nini simu hazipatikani. Walirudi kesho yake, kwa miguu, maji yakiwa yamewafika kifuani. Kipimo cha Santacruz kwa saa 24 kilikuwa milimita 944. Cha Colaba kilikuwa milimita 73. Mamia ya watu walikufa katika mafuriko yale. “Laiti tungekuwa na kipimo kimoja tu, cha huku kusini,” akasema mzee, “tungeapa kwamba hapakuwa na msiba.”

Maneno hayo yalitukaa moyoni. Siku ambayo mgonjwa aliruhusiwa kuketi na kunywa uji, akatuambia yeye mwenyewe: “Nenda ukaione hiyo Colaba, umenichosha kwa kuitaja.” Tukapanda basi jekundu kuelekea kusini.

Colaba hapo zamani ilikuwa kisiwa peke yake, kikifikiwa kwa miguu maji yanapokupwa, kama yalivyo baadhi ya maeneo ya pwani yetu. Mnamo 1838 Waingereza walikiunganisha na jiji kwa barabara ya kujaza mawe baharini. Siku hizi msafiri hupita maduka ya watalii na hoteli, kisha mji hutulia ghafla. Miti inakuwa mikubwa, kuta zinakuwa ndefu, na askari wa jeshi la majini wanasimama kwenye malango. Mnara wa lile kanisa la Waafghani, kama wanavyoliita, ulioelekezwa juu kama sindano, waonekana kwa mbali. Hatukuingia ndani ya nyumba ya vipimo. Eneo lote lile lina ulinzi, nasi tulikuwa wageni tusio na kibali. Mlinzi alitusikiliza, akaitazama kofia yetu, akatwambia kwa upole kwamba tuliyoyaona yatosha. Tulichokiona ni ukuta, miti iliyolowa, mapaa machache, na kibao cha jina la barabara: Dr. Nanabhai Moos. Jina hilo tutalirejea.

Nyumba ile iliasisiwa mwaka 1826 na Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, ile kampuni ya wafanyabiashara iliyogeuka kuwa serikali yenye majeshi na mahakama. Haja yao ya kwanza ilikuwa saa. Wasomaji wetu wenye jamaa mabaharia wataelewa kwa nini. Nahodha anayevuka bahari kuu hujua amefika wapi, kaskazini au kusini, kwa kupima kimo cha jua au cha nyota. Lakini ili ajue amefika wapi, mashariki au magharibi, lazima awe na saa inayomwambia ni wakati gani katika mji fulani unaojulikana, aulinganishe na wakati wa pale alipo. Ardhi hujizungusha nyuzi 15 kwa kila saa moja. Kwa hiyo sekunde nne za makosa humtupa nahodha, karibu na ikweta, maili moja ya baharini mbali na mahali anapodhani yupo. Dakika moja humtupa maili 15, nayo hiyo yatosha kumpandisha mwambani usiku.

Saa hiyo ilipatikanaje? Kwa nyota. Darubini ilikazwa baina ya nguzo mbili za mawe ili isiweze kutazama popote isipokuwa juu ya mstari mmoja, utokao kaskazini hadi kusini kupitia utosini. Kila nyota ina wakati wake wa kuuvuka mstari huo, na nyakati hizo zimeandikwa katika majedwali. Mwenye zamu huketi gizani, sikio lake likisikiliza mdundo wa saa kubwa ya ukutani na jicho lake likingoja nyota ipite kwenye uzi mwembamba uliotandwa ndani ya darubini. Akiiona imepita, ataandika sekunde. Tofauti baina ya alichoandika na kilichomo kwenye jedwali ndiyo makosa ya saa ya ukutani. Kisha habari hiyo ilipelekwa bandarini, ambako mpira mkubwa ulipandishwa juu ya mlingoti na kuachiliwa uanguke kwa wakati uliowekwa. Manahodha waliotia nanga waliutazama kwa macho wala hawakungoja kusikia mzinga, kwa kuwa mlio hukawia njiani na nuru haikawii.

Tulipoyasoma hayo hatukuona mageni ndani yake. Miskiti mikubwa ya Waislamu ilikuwa na watu wa kazi hiyo hiyo, waitwao muwakkit, wenye jukumu la kuchunga nyakati za sala. Katika karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa muwakkit wa Msikiti wa Banu Umayya mjini Damascus, na saa ya jua aliyoitengeneza kwa ajili ya msikiti huo mwaka 1371 ni miongoni mwa kazi kubwa za fani hiyo. Kampuni ya Waingereza ilitafuta wakati kwa ajili ya shehena, naye aliutafuta kwa ajili ya sala. Lakini kazi yenyewe, ya kukesha, kutazama na kuandika kweli, ni moja.

Mwaka 1841 Colaba iliongezewa kazi ya pili: kupima hewa na nguvu ya sumaku ya ardhi. Aliyeianzisha ni Arthur Bedford Orlebar, mwalimu wa Chuo cha Elphinstone cha jiji hilo. Tangu hapo vipimo vikawa vinasomwa kwa zamu, mchana na usiku. Baromita ya zebaki ilionyesha uzito wa hewa. Vipimajoto viwili vilitundikwa pamoja, kimoja kikavu na kingine kimevikwa kitambaa cha maji, na kwa tofauti baina yao hujulikana unyevu uliomo hewani. Vipimo vya namna hiyo huwekwa kivulini, mahali penye kupitisha upepo kama madirisha ya mbao ya nyumba zetu za kale, ili joto linalosomwa liwe la hewa, lisiwe la jua. Mvua nayo hukingwa katika chombo chenye mdomo uliopimwa, ikasomwa kwa saa maalumu, kila siku, iwe imenyesha au haikunyesha. Sifuri nayo huandikwa.

Hapo ndipo habari ya Colaba inapoungana na habari yetu. Mvua ile iliyokuwa ikipiga madirisha ya hospitali ilianza safari yake upande wetu. Upepo tunaouita kusi, unaoanza Aprili na kuifanya bahari yetu ichafuke katika Juni na Julai, hauishii kwetu. Huvuka ikweta karibu na pwani ya Kenya na Somalia, ukapindishwa na mzunguko wa ardhi kuelekea mashariki, ukaivuka Bahari ya Uarabuni huku ukinywa maji yake, hata ukagonga milima ya magharibi ya India na kuyamwaga. Mumbai hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na karibu yote huanguka baina ya Juni na Septemba. Wao huiita monsuni, sisi twasema msimu, na maneno yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu, mawsim. Wazee wetu waliopakia boriti majahazini na kurudi na vitambaa waliijua pepo hiyo kwa ngozi zao. Waliijua sana, na hatudharau elimu yao. Lakini ya kwao ilikaa vifuani, na mwenye kifua alipofariki alikwenda nayo. Ile ya Colaba ilikaa karatasini. Mnamo 1878 Charles Chambers, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ile, aliweza kutoa kitabu kizima cha hali ya hewa ya jimbo la Bombay, kwa sababu wengine kabla yake walikuwa wamekesha na kuandika.

Walikuwa akina nani hao? Wakubwa wao wengi walikuwa Waingereza, na majina yao yamo vitabuni. Lakini macho yaliyotazama vipimo usiku yalikuwa kwa sehemu kubwa macho ya wenyeji. Bal Shastri Jambhekar, msomi aliyeanzisha gazeti la kwanza la lugha ya Kimarathi mwaka 1832, alipata kuisimamia nyumba hiyo katika miaka ya 1840. Kero Laxman Chhatre aliingia huko angali kijana mdogo kama msaidizi wa hesabu, na baadaye akawa mwalimu mashuhuri. Wengine wengi wasaidizi hatuwajui hata kwa majina. Na hao ndio tunaotaka wasomaji wetu wawakumbuke kwa ajili ya tarehe moja: 2 Septemba 1859.

Katika chumba kimoja ilining’inizwa sumaku, na kazi ya mwenye zamu ilikuwa kusoma imegeuka kiasi gani. Kwa kawaida hugeuka kidogo sana, na kazi hiyo yachosha kama kuhesabu mchanga. Siku ile ikaanza kutikisika kwa namna ambayo hakuna aliyepata kuiona. Mtu mwingine angedhani chombo kimeharibika, akafunga mlango akangoja fundi. Wasaidizi wa Colaba hawakufunga mlango. Waliacha kusoma kwa saa, wakawa wanasoma kila baada ya dakika chache, wakaandika tarakimu zile za ajabu kama walivyoziona. Hawakuwa na njia ya kujua maana yake. Siku moja kabla, huko Uingereza, Richard Carrington alikuwa ameona mmweko juu ya uso wa jua. Kilichofika ardhini baada yake kilikuwa dhoruba ya sumaku iliyo miongoni mwa kubwa kabisa zilizopata kuandikwa.

Madaftari yale yalikaa. Mwaka 2003, miaka 144 baadaye, wataalamu, wakiwemo wa taasisi iliyoirithi nyumba ile ya Colaba, waliyafungua na kuzitumia tarakimu zile kukadiria ukubwa wa dhoruba hiyo. Leo jambo hilo lina uzito, kwani dhoruba ya namna ile ikija tena yaweza kudhuru setilaiti na njia za umeme tunazozitegemea. Vijana waliosoma sumaku kwa macho hawakuwa na umeme nyumbani, seuze setilaiti. Walifanya tu kile walichoaminiwa kukifanya, na manufaa yake yakamfikia mtu ambaye babu wa babu yake alikuwa hajazaliwa.

Sasa turejee kwa mwenye barabara. Nanabhai Moos, mtu wa jamii ya Waparsi, ndiye mwenyeji wa kwanza kupewa uongozi kamili wa nyumba ile, mwaka 1896. Hakukaa sana ila akakutwa na mtihani. Jiji lilitaka tramu za umeme, na mkondo wa umeme huivuruga sumaku. Watu walihitaji usafiri, nayo madaftari ya miaka sitini yalihitaji utulivu. Moos hakulizuia jiji wala hakuliacha daftari likatike. Alichagua mahali patulivu ng’ambo ya bandari, panapoitwa Alibag, akajengewa nyumba kwa mawe yaliyochaguliwa kwa kuwa hayana sumaku. Kisha akafanya jambo ambalo twalipenda kuliko yote. Kuanzia 1904 hadi 1906 vipimo vya Colaba na vya Alibag vilisomwa pamoja, miaka miwili, kusudi ijulikane tofauti baina ya pa zamani na papya, na mnyororo usikatike. Baada ya hapo tu ndipo tramu zilipopita.

Ni mara ngapi sisi, katika miskiti na majumba yetu, tumetupa cha zamani siku ile ile tuliyonunua kipya, kabla ya kuvilinganisha? Tutakuja kuungama yetu.

Lakini kwanza kuna ugomvi wa saa, ambao mzee wa msikitini aliusimulia kwa kicheko. Saa ya Bombay, iliyofuata jua la Bombay lenyewe, ilikuwa mbele ya ile ya Greenwich kwa saa nne na dakika 51. Mnamo 1881 Gavana James Fergusson alitaka jiji lifuate saa ya Madras, iliyokuwa mbele zaidi kwa nusu saa. Watu walikataa, hata amri ikashindwa kusimama. Mwaka 1906 serikali ya Kiingereza ikaleta saa moja kwa India nzima, saa tano na nusu mbele ya Greenwich, ambayo iko mbele ya jua la Bombay kwa dakika 39. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba walilalamika kwamba wanaamshwa kabla ya wakati, na halmashauri ya jiji ikaendelea kushika saa yake ya zamani. Kwa miaka mingi ukiuliza saa ulipaswa kuuliza: ya nani? Ugomvi huo haukumalizika kabisa hadi miaka ya 1950, Waingereza wakiwa wamekwisha ondoka.

Kuna mnara mrefu wa saa katika Chuo Kikuu cha jiji hilo, Rajabai, uliokamilika mwaka 1878. Tajiri Premchand Roychand aliugharamia na kuupa jina la mama yake. Husimuliwa kwamba mama huyo alikuwa kipofu na mfuasi wa dini ya Jain, ambayo humkataza mtu kula baada ya jua kutua, na kwamba mlio wa saa ulimjulisha wakati wa chakula bila ya kumwuliza mtu. Mama watoto alipoisikia hadithi hiyo kitandani alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Huyo mwana alijua kwamba mamake anaona haya kuuliza kila siku.” Sisi tulikuwa tumefikiria mnara, yeye alikuwa amemfikiria mama.

Nasi twaijua shida ya saa ya serikali na saa ya jua. Katika Mumbai jua hupinduka, kwa wastani, dakika 39 baada ya saa sita ya mchana ya saa za mkononi. Mombasa nako halipinduki saa sita kamili: saa yetu ya Kenya imefungwa na longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki yetu, kwa hiyo adhuhuri ya Mombasa, kwa wastani, huja dakika 21 baadaye. Kisumu hukawia dakika 20 zaidi. Lamu hututangulia kwa dakika tano hivi. Na juu ya yote hayo, sisi Waswahili twaendelea kuhesabu saa zetu kuanzia machweo na mapambazuko: muuguzi alipoandika saa nane tulisoma saa mbili, na binti yetu kwenye simu kutoka nyumbani alidhani mamake anapewa dawa usiku wa manane. Mola ameifunga sala na saumu yetu kwenye jua lenyewe, akatuachia kazi ya kulitazama.

Na kazi hiyo tuliwahi kuipuuza. Tulipokuwa imamu kijana wa msikiti mdogo katika mtaa mmoja wa Mombasa, Ramadhani iliangukia Disemba. Jamaa mmoja alituletea ratiba nzuri iliyochapwa kwa rangi, tukaibandika ukutani na kuitupa ile ya zamani iliyoandikwa kwa mkono. Hatukuitazama imeandikiwa wapi. Ilikuwa ratiba ya Lamu. Jioni ya pili bibi mmoja mtu mzima wa mtaani alimtuma mjukuu wake msikitini, watu wakingali na tende mkononi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Mwambieni mwalimu nimepanda darini kuanika nguo, na jua nimeliona kwa macho yangu, halijazama.”

Tuliona haya. Vijana wawili watatu walicheka, kwamba bibi asiyejua kusoma amsahihishe mwalimu mwenye ratiba. Tulitoka nje, tukapanda, tukakuta ukingo wa jua ungaliko juu ya minazi ya bara. Ikatubidi kuwatangazia watu, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi, kwamba siku mbili zile wana kadha juu yao. Kuna akina mama wenye kunyonyesha na wazee waliozilipa siku mbili hizo kwa taabu, na sababu ni sisi. Bibi yule ametangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa na daftari, lakini alikuwa na lile wasaidizi wa Colaba walilokuwa nalo mwaka 1859: aliamini alichokiona, na hakuona taabu kukisema.

Twawaambia haya hasa akina mama na mabinti, kwa kuwa kazi ya kupima mara nyingi imo mikononi mwao: joto la mtoto, dawa ya mzee, unga wa wiki. Nao wengine wameifikisha mbali. Anna Mani, aliyezaliwa mwaka 1918 katika sehemu ile ile ya kusini alikotoka muuguzi wetu, ndiye aliyesimamia utengenezaji na usawazishaji wa vipimo vya hali ya hewa vya India baada ya uhuru, hata nchi ikaacha kuagiza vyombo vyake vingi ng’ambo.

Tulipokuwa tunaagana, yule muuguzi alimpa mama watoto nakala ya karatasi zake zote, wiki tano, ili daktari wa huku azione. Zimo kabatini. Ile ya usiku wa nne ina alama ya kalamu nyekundu kwenye saa tisa.

Tuliporudi tulinunua daftari moja la jalada gumu. Mabinti wanne wa darasa la juu la madrasa wamelichukua kwa zamu. Jioni, kabla ya Magharibi, wawili hupanda dari ya madrasa pamoja na mwalimu wao wa kike, wakatazama upande wa bara, wakaandika dakika ambayo jua limezama, na kando yake dakika iliyomo katika ratiba. Tumekusudia kuendelea mwaka mzima kabla ya kusema lolote kuhusu ratiba; tumejifunza kwa Moos kutofanya pupa.

Wiki ya kwanza tulilifungua kuangalia kazi yao. Siku tano zilikuwa zimejazwa. Siku ya sita palikuwa na wingu zito la vuli, na tulitazamia kukuta tarakimu iliyonakiliwa kutoka ratibani, kwa kuwa mtoto huogopa nafasi tupu. Binti wa miaka kumi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: “Mawingu. Sikuliona.” Tukatia sahihi yetu chini yake.

Wallahu aalam.